Kompyuta Kuukuu Haichoshwi na Distro

Tangu Microsoft ikatishe msaada wa bure wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila mwenye kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 hupewa ushauri uleule: weka Linux, tena tafuta distro, yaani toleo la Linux, ndogo kuliko zote. Atatajiwa Puppy, antiX, hata Tiny Core yenye faili lisilofika megabaiti 30. Kadiri distro inavyokuwa ndogo, ndivyo anavyoahidiwa kasi. Kuweka Linux, sawa. Hayo mengine yanapotezea watu wikendi zao bure.

Chukua laptop ya mtumba yenye ram ya gigabaiti 4, mfano wa zile zinazojaa madukani Kariakoo. Mashine ikiwa imewaka tu bila kazi, antiX itatumia kumbukumbu pungufu kuliko Linux Mint ya Xfce kwa megabaiti mia kadhaa. Tofauti hiyo ipo, siikatai. Lakini nani ananunua kompyuta aitazame ikiwa imetulia? Atafungua Firefox, kisha YouTube, kisha barua pepe, na akiba yote imekwisha. Firefox ya kwenye distro ndogo ndiyo hiyohiyo ya kwenye distro kubwa, na YouTube haina huruma na yeyote.

Isitoshe, kinachoitwa uzito wa distro mara nyingi ni uzito wa mazingira ya eneokazi, yaani madirisha na menyu unazoziona. Debian ukiivika GNOME itahema. Ukiivika Xfce au LXQt, Debian hiyohiyo inatembea. Basi kwa nini mtu ambaye ndiyo kwanza anaiacha Windows apelekwe Tiny Core, ambako asipojifunza namna ya kuhifadhi mabadiliko, kesho akiwasha hayakuti? Au Puppy, ambayo kwa kawaida humwendesha mtumiaji kama root, mwenye ruhusa ya kufuta chochote?

Mchawi mkubwa ni diski. Diski ya kuzunguka ina kichwa cha kusomea ambacho lazima kisogee kimwili kutoka data moja hadi nyingine, kwa hiyo husoma vipande vilivyotawanyika mara mia moja hivi kwa sekunde. SSD ya SATA, isiyo na kitu kinachozunguka, hata ya bei ya chini, husoma maelfu kwa maelfu. Fundi anayekupangia foleni ya distro kumi za kujaribu bila kuuliza diski yako ni ya aina gani anakuuzia maneno. Mwambie apachike SSD, aongeze ram kama kuna nafasi, awashe na zram ili kumbukumbu ibanwe kabla ya kumwagikia kwenye diski. Baada ya hapo Mint ya kawaida itakutosha.

Kuna mashine ambazo hata hilo haliziokoi. Netbook za Atom N270 za mwaka 2008 ni za biti 32, na dunia imeshazihama: Chrome iliachana na Linux ya biti 32 mwaka 2016, Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, na Firefox nayo imefunga mlango kuanzia toleo la 145. Hapo distro ndogo itawaka, itapendeza, halafu mapema au baadaye itakuachia kivinjari cha kizamani kisichozibwa matundu ya usalama. Kwa kuandika barua au kuhifadhi hesabu za duka bila intaneti, antiX inafaa sana. Kwa benki mtandaoni, hapana, hata iwe nyepesi namna gani.

Kabla ya kuuliza distro ipi, uliza basi kichakata ni biti ngapi, ram inaongezeka hadi wapi, na kama diski inazunguka. Kisha chagua ile ambayo bado inapokea masasisho ya usalama na ambayo mtu wa karibu nawe anaifahamu, maana wifi ikigoma saa nne usiku, udogo wa faili hautakusaidia kitu.