Tumbawe la nyumbani lising'olewe mwambani

Mtu akitaka kuweka mwamba wa matumbawe sebuleni kwake, namuunga mkono. Nafuga matumbawe hapa Berlin, kwenye tangi la lita 200 karibu na meza ya kulia, na mimi mzaliwa wa Tanga nimeijua bahari kwa tangi hilo kuliko nilivyoijua nikiogelea utotoni. Lakini nina sharti moja ambalo silegezi: lisiingie tangini tumbawe lililong'olewa baharini.

Nayaandika haya kwa sababu mtoto wa dada yangu, aliyeko Dar es Salaam, anataka tangi la namna hiyo kwenye mgahawa wake. Akanipigia simu: "Mamdogo, kuna mtu wa boti ataniletea mawe yenye matumbawe kutoka Mbudya, bei poa kabisa." Mbudya ni hifadhi. Ilitangazwa mwaka 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kabla kijana huyu hajazaliwa. Kung'oa tumbawe pale ni kosa, na hata pasingekuwa na sheria ingekuwa hasara tupu. Lile analoliita jiwe ni maelfu ya wanyama wadogo walioshikana, na matumbawe ya mviringo hunenepa kwa milimita chache tu kila mwaka. Tumbawe la ukubwa wa mpira wa miguu laweza kuwa na miaka 20 au zaidi. Mtu wa boti hulibandua kwa mtaimbo dakika moja, na kwenye tangi changa litakufa kabla ya mwezi kwisha.

Na haja ya kung'oa haipo. Hapa hapa Berlin, miaka ya 1980, mfugaji wa nyumbani aitwaye Dietrich Stüber alifaulu kukuza Acropora, yale matumbawe magumu yenye matawi, wakati wengi waliamini kwamba hayawezi kuishi nje ya bahari. Hakuyafungia ndani. Alikata matawi akawagawia wenzake, wao wakakata wakagawa, na mpaka leo vipande vya ukoo ule vinapita mkono kwa mkono Ulaya nzima. Bahari haidaiwi kitu kwa vipande hivyo.

Kukata kwenyewe si kazi ngumu. Nakata kwa koleo tawi la urefu wa kifundo cha kidole. Tumbawe hutoa ute mzito, wenye harufu ile ya ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Napangusa pale penye mkato, nadondosha supaglu nzito juu ya kigae kidogo, nabandika, narudisha majini. Siku hiyo polipi, wale wanyama wadogo wa tumbawe, hujikunja ndani, tawi likaonekana kama limekufa. Kesho yake, au keshokutwa, polipi huanza kuchomoza tena, moja moja, kuanzia upande unaopigwa na mkondo wa maji. Baada ya wiki kadhaa nyama ya tumbawe inatambaa juu ya gundi na kuifunika yote, hapo najua limeshika. Wanakijiji wa Mkwiro na Wasini, kule Kwale, hutumia maarifa hayo hayo kupandikiza vipande baharini na kufufua miamba yao.

Kijana wangu alitaka kufungua tangi ndani ya wiki moja. Haiwezekani. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza kuwa naitreti, ambayo ni nafuu. Bakteria hao wanahitaji wiki nne hadi sita kuenea kwenye mawe na mchanga. Wakati wote huo tangi halina kitu cha kuonyesha wageni, na mwenye tangi inampasa avumilie.

Baada ya hapo kazi kubwa ni maji. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25 au 26. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti zilizomo majini, kwa hiyo kadiri linavyokua ndivyo linavyoyafilisi maji yake. Jioni natia mililita tano za maji kwenye kichupa, nadondosha dawa ya kupimia kaboneti tone kwa tone, nikitikisa. Maji yanakuwa ya buluu, kisha ghafla yanageuka manjano. Yakigeuka kwenye tone la nane, naridhika. Yakigeuka kwenye la sita, matumbawe yameanza kuishiwa, naongeza.

Mimi Berlin nahangaika kuyapasha maji. Yeye Dar atahangaika kuyapoza. Taa na pampu zote huongeza joto. Feni ikipuliza juu ya maji huyapoza kwa mvuke, lakini mvuke hauondoki na chumvi, hivyo kila siku lazima aongeze maji matamu yaliyochujwa vizuri, la sivyo chumvi itapanda. Na umeme ukikatika pampu husimama, oksijeni ikapungua ndani ya saa chache. Betri ya akiba inunuliwe kabla ya taa za kifahari. Joto likizidi lile la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, na likadumu wiki kadhaa, tumbawe hufukuza vijimwani vinavyoishi mwilini mwake na kulilisha, likapauka. Ndivyo miamba yetu ya Afrika Mashariki ilivyopauka mwaka 1998.

Samaki nao wana habari yao. Dukani ninakonunua chumvi nawaona kitatange na kangaja waliovuliwa Kenya. Mvuvi wa Kilifi au Shimoni anayelisha watoto kwa kazi hiyo simlaumu. Ninayempinga ni mnunuzi anayemchukua yule samaki msafishaji, mwembamba, mwenye mstari mweusi ubavuni, anayewatoa wenzake vimelea. Kule Lizard Island, Australia, watafiti waliwaondoa samaki hao kwenye sehemu za mwamba kwa zaidi ya miaka minane. Samaki wengine wakapungua, kwa idadi na kwa aina. Na tangini kwetu msafishaji mara nyingi hufa njaa, kwa kuwa vimelea vya kula ni vichache. Wapo samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaozalishwa kwenye matangi tangu miaka ya 1970. Kijana wangu aanze na wawili wa aina hiyo, pamoja na mawe ya kutengenezwa, tumbawe lisubiri.

Lisubiri mpaka lini? Mpaka yapatikane ya kukuzwa, na hapa ndipo serikali zetu zinapohusika. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Indonesia, muuzaji mkubwa kuliko wote, ilisimamisha usafirishaji mwaka 2018, kisha ikaufungua tena, na huko wapo wanavijiji wanaokuza vipande kwenye meza zilizozamishwa baharini. Sisi tumeshindwa na nini? Wanawake wa Jambiani, Unguja, wanaokuza mwani na sponji, wanajua kamba, wanajua bamvua, wanajua kusubiri zao likomae majini. Wapewe matumbawe mama machache yaliyosajiliwa, kila kipande kitakachokatwa kipewe namba, na kisicho na namba kisiuzwe, awe mnunuzi ni mgahawa wa Dar au duka la Berlin. Na vibali vya mwanzo vitolewe kwa vikundi vya vijiji, kwa sababu mfanyabiashara wa mjini mwamba wake ukiisha atahamishia boti mwamba mwingine, lakini mwanakijiji wa Jambiani ana huo huo mmoja.