Mwaridi Uliobadilika Rangi



Juma hili tumeletewa swali na msomaji aishiye kusini mwa Ontario, Kanada. Mama yake mzazi, aliyekulia Unguja, alinunua mwaridi wa maua meupe akaukwesha ukutani, karibu na dirisha la chumba anachosalia. Majira ya baridi yalipokwisha, matawi yote yalikuwa yamekauka. Baadaye machipukizi yalitoka chini kabisa, na bibi akamshukuru Mola. Lakini mwaka uliofuata yalichanua maua mekundu ya giza. Bibi anaamini amedhulumiwa na muuzaji, na mwanawe anatuuliza kama waende kudai fedha zao.

Twawasihi wasiende kwa lawama. Miwaridi mingi ya madukani ni ya kubebesha, yaani jicho la waridi zuri hupachikwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine wenye nguvu. Baridi kali ikiua sehemu ya juu, mizizi husalia hai na kuchipusha maua yake yenyewe. Huko Marekani Kaskazini mizizi itumiwayo sana ni ya mwaridi uitwao Dr. Huey, ambao maua yake ni mekundu ya giza. Basi yamkini muuzaji aliuza mweupe kweli, nao ukafa. Kumtuhumu mtu kabla ya kujua ni jambo zito kuliko bei ya mche.

Wakitaka kupanda tena, waulize mambo mawili. La kwanza, je, mche umeota kwa mizizi yake wenyewe? Mche wa namna hiyo hata ukiungua kwa baridi hadi ardhini, hurudi na ua lile lile. Ikiwa ni wa kubebesha, pale palipoungwa pafukiwe sentimita 10 hadi 15 chini ya udongo.

La pili, je, waweza kustahimili baridi ya mahali hapo? Wataalamu wa kilimo wa serikali ya Kanada, akiwamo Bi. Felicitas Svejda wa Ottawa, walizalisha miwaridi kwa ajili ya nchi hiyo na kuiita kwa majina ya wavumbuzi. John Cabot ulitolewa mwaka 1978, na William Baffin mwaka 1983. Huu wa pili hufikia kimo cha mita 3 hivi, huchanua waridi la pinki iliyokolea, na huvumilia baridi inayokaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Apendaye rangi hafifu na akaaye pasipo na baridi kali kiasi hicho, atafute New Dawn wa mwaka 1930, mmea wa kwanza kupewa hataza nchini Marekani.

Yafaa pia kutofautisha miwaridi ya kukwea na ile ya kutambaa. Ya kukwea ina matawi mazito na mingi yake huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Hupogolewa baridi inapokaribia kwisha. Ya kutambaa, kama Veilchenblau wa zambarau, ina matawi marefu mepesi na kwa kawaida huchanua mara moja tu, juu ya matawi ya mwaka uliopita. Hiyo hupogolewa baada ya kuchanua. Aikataye mwanzoni mwa msimu hukata maua yake kwa mkono wake. Mingine, kama Kiftsgate, hupita mita 10, na mwenye ua dogo asiipande, asije akamwudhi jirani kwa miiba.

Mwaridi hauna vikono vya kujishikizia. Uwekewe fremu ya mbao au waya, na matawi yafungwe kwa kulegezwa, yakilazwa ubavu badala ya kusimamishwa wima. Tawi lililolazwa hutoa machipukizi mengi, na kila chipukizi huleta maua.

Mche mpya huchukua kama miaka mitatu kuufunika ukuta. Kwa hiyo twamshauri kijana asiung'oe huo mwekundu kabla ya kumwuliza mama. Huenda akishajua kwamba hakudhulumiwa, atapenda ubaki dirishani pake hadi mweupe ukue, inshaallah.