Vina, Mizani na Kadi Iliyosahau



Mwezi uliopita nilisafiri kuhudhuria arobaini ya mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeanza kutunga akiwa kidato cha pili na hakuacha hadi mauti yalipomkuta. Familia yake ilitaka kuchapa kijitabu cha tungo zake. Waliniletea nakala mbili za shairi lake huru la mwisho, zote zimesambazwa kwa simu. Moja ina mistari kumi na tisa, nyingine kumi na saba. Na penye “nitarudi” katika nakala moja, nyingine inasema “nilirudi”. Nikaulizwa ipi ndiyo yake. Mimi niliyemfundisha sikuweza kujibu.

Katika bunda hilohilo mlikuwa na tarbia aliyoitunga kidato cha tatu. Mnakili alikuwa ameangusha neno moja, nami nililiona pengo kabla sijaumaliza ubeti: utao wa mshororo wa tatu ulikuwa na mizani sita badala ya nane. Rafiki yake akalikumbuka neno lenyewe papo hapo.

Usiku huo mlango wa chumba changu katika nyumba ya wageni, unaofunguliwa kwa kadi ya sumaku, ulinigomea. Kijana wa mapokezi akaipitisha kadi katika mashine yake, akasema: “Shikamoo mwalimu. Uliiweka pamoja na simu? Kasha la simu yako lina sumaku. Kadi imesahau kila kitu.” Neno hilo, kusahau, sikuliacha njiani. Niliporudi nyumbani nilitafuta kujua kadi za namna hiyo hukumbuka vipi, hasa zile za benki, na nilichokipata ndicho kinachonifanya niandike. Hoja yangu ni kwamba vina na mizani, kabla ya kuwa pambo, ni ulinzi wa kumbukumbu.

Utepe mweusi mgongoni mwa kadi ya benki umejaa chembechembe ndogo mno za sumaku. Mashine ya kuandikia huzielekeza upande huu au ule, na kinachosomwa ni pale mwelekeo unapogeuka. Mwanzoni mwa kila biti pana mgeuko. Ukiwapo mgeuko mwingine katikati, hiyo ni moja. Usipokuwapo, ni sifuri. Kwa hiyo mapigo hayakatiki, na mashine hupata mwendo wake kutoka katika maandishi yenyewe. Uipitishe kadi haraka au taratibu, itasomeka, kama shairi moja linavyoweza kughaniwa kwa kasi au kwa kuvuta na mizani isipotee.

Utepe huo una nafasi ya njia tatu sambamba. Ya kwanza, iliyobuniwa kwa ajili ya mashirika ya ndege, hubeba hadi herufi na alama 79, na humo ndimo huandikwa jina la mwenye kadi. Ya pili, ya mabenki, hubeba tarakimu na alama chache, hadi 40. Ya tatu hutumika kwa nadra.

Tuitazame ya pili. Kila tarakimu huandikwa kwa biti nne, kisha huongezwa ya tano yenye kazi moja tu: kuhakikisha kwamba idadi ya moja ni witiri. Tano ni 0101. Ina moja mbili, ambayo ni shufwa, basi huongezwa 1. Saba ni 0111. Ina moja tatu, tayari ni witiri, basi huongezwa 0. Mashine ikikuta shufwa, inajua pana kilichoharibika. Zaidi ya hayo, maandishi hufunguliwa kwa alama ya mwanzo na kufungwa kwa alama ya mwisho, na nyuma yake huja alama moja ya ukaguzi. Hiyo hupatikana kwa kushuka wima: biti za kwanza zote kwa pamoja, kisha za pili, hadi za nne, kila safu ikamilishwe iwe shufwa.

Niliposoma hapo niliweka miwani chini. Mlalo na wima! Mizani hukagua mshororo kwa mlalo. Vina huukagua ubeti kwa wima. Katika utenzi, kwa kawaida kila mshororo una mizani nane, na kina cha mwisho hushuka kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mhariri wa mswada wa kale ulioandikwa kwa hati za Kiarabu akikuta mizani saba, huenda asijue neno lililoanguka, lakini anajua kwamba limeanguka, na wapi.

Nisidai kupita kiasi. Biti mbili zikigeuka pamoja katika tarakimu moja, ile biti ya tano haioni kitu; na “nitarudi” ikigeuka “nilirudi”, mizani haitikisiki. Tena mwizi anayenakili utepe hunakili na ulinzi wake, na kadi bandia huwa na witiri kamili. Hiyo ni sababu mojawapo ya mabenki kuhamia kwenye chipu, ambayo hutoa jibu jipya kwa kila malipo. Mwaka 2021 Mastercard ilitangaza kwamba kufikia 2033 kadi zake hazitakuwa na utepe. Vivyo hivyo, vina kamili havithibitishi kwamba shairi lina roho. Wapo wenzangu wa mapokeo wanaohesabu silabi wakadhani wametunga.

Kwa upande wa pili, tangu Kichomi cha Kezilahabi, 1974, ushairi huru umetupa tungo ambazo nisingependa kuzikosa. Ninachowaomba vijana wanaoviita vina pingu ni hiki: ukimwondoa mlinzi mmoja, weka mwingine. Andika chini ya shairi jina lako, tarehe na idadi ya mistari. Hifadhi nakala moja kwa mkono wako, na umwambie mtu mahali ilipo. Simu zetu hunakili kwa wepesi, na kila mkono unaopitisha shairi unaweza kulipunguza.

Kijitabu cha mwanafunzi wangu kitachapwa na nakala zote mbili, ukurasa mkabala na ukurasa. Mama yake anaamini mwanawe aliandika “nitarudi”. Sikumpinga.