Sinema za Wakaliga

Wanaotaka kuingia kwenye filamu huniuliza kwanza bei ya kamera. Mimi huwaelekeza kwa mtengenezaji filamu Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Utotoni hakuwa akienda kwenye mabanda ya video. Kaka yake ndiye aliyerudi na kumsimulia picha, naye akazichora kichwani. Baadaye alifyatua matofali, akajifunza kuhariri, akaunga kompyuta kwa vipuri, na mwaka 2005 akaanzisha Ramon Film Productions, jina alilolitoa kwa bibi zake, Rachel na Monica. Waigizaji wake ni majirani wasiolipwa mshahara: wanacheza, kisha wanabeba DVD kwenda kuziuza nyumba kwa nyumba na kugawana mapato. Bunduki zinachomelewa kwa vyuma chakavu. Damu ilikuwa ya ng'ombe hadi mwigizaji mmoja alipougua, ndipo wakahamia rangi ya chakula. Kinachoniuma ni filamu yake *Who Killed Captain Alex?* ya 2010: nakala mama ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya filamu inayofuata. Kwa hiyo, chipukizi mwenzangu, kabla ya kamera nunua diski ya kuhifadhia kazi yako.