Kete Kabla ya Penseli: Wito kwa Wananchi wa Sombetini

Leo naomba tuzungumze kama watu wa nyumba moja, kuhusu vidole na macho ya watoto wetu.

Kila Januari tunawapeleka wadogo zetu darasa la awali na sare mpya na penseli iliyochongwa vizuri. Tunatamani warudi nyumbani wakijua kuandika majina yao. Ni tamaa njema. Lakini tumewahi kujiuliza penseli inamdai nini mtoto wa miaka 5?

Inadai kidole gumba, cha shahada na cha kati vishirikiane, na mkono utulie. Inadai jicho lifuate mstari, litofautishe b na d, 6 na 9, na likumbuke umbo ambalo mwalimu ameshalifuta ubaoni. Mtoto hayapati hayo kwa kuambiwa "andika vizuri". Huyapata vidole na macho vinapofanya kazi pamoja mara nyingi, tena bila hofu. Na mtoto gani hurudia jambo moja mara nyingi bila kuchoka? Yule anayecheza.

Michezo ya namna hiyo tunayo, tena ya kwetu.

Ukumbuke mdako. Unarusha kijiwe juu, unavikokota vingine kutoka shimoni, kisha unakidaka kile cha kwanza kabla hakijaanguka. Unarusha tena, unavirudisha vyote ila kimoja. Jicho liko juu, vidole viko chini, na vyote viwili vinasubiriana. Ni zoezi gani la darasani linalozidi hilo?

Au tazama bao la kete. Lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huzoa kete za shimo zima kwa mkono mmoja, kisha huziachia moja moja, shimo baada ya shimo. Kuziachia moja moja nyingine zikibaki kiganjani ni kazi ngumu kwa mkono mdogo, na ndiyo inayoufundisha kushika kwa kiasi. Jicho nalo hutangulia, hukadiria kete zitaishia wapi, hukagua upande wa mwenzake. Kwa anayeanza kuna bao la kujifunza: kila shimo huwekewa kete 2, na mchezo unaanza.

Sasa ombi langu la kwanza ni kwa kina baba na kaka wa vijiweni. Bao na drafti mnavijua kuliko sisi wote. Je, jioni moja katika wiki mnaweza kurudi navyo nyumbani? Mkalisheni mtoto kwenye stuli, mumwonyeshe. Na mabinti nao wapewe nafasi, maana kete haichagui mkono.

Mtasema, ubao wa bao ni pesa. Basi tuchukue trei mbili za mayai. Trei moja ina vishimo 30, mistari 5 kwa 6. Kata kila moja ubakize 4 kwa 4, uzipange ubavu kwa ubavu, na hapo una vishimo 32. Kete 64 ni maharage ya kiganja kimoja tu. Drafti je? Boksi lililochorwa miraba 64 na visoda vya kuokota dukani: vya huyu vinaangalia juu, vya yule vinaangalia chini.

Kuna na mchezo wa kuunganisha picha. Miaka ya 1760, mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani kwenye ubao, akaikata vipande ili watoto wajifunze jiografia kwa kuipanga upya. Sisi tuna kalenda za mwaka jana ukutani. Bandika picha kwenye boksi gumu, ikate vipande 6 kwa mdogo, 20 kwa mkubwa. Mtoto atalitafuta sikio la tembo kwa macho kabla hajalifikia kwa mkono.

Mama anayechambua maharage kwenye ungo naye ana darasa tayari. Mpe mtoto rundo lake dogo, atenge mekundu kando na ya njano kando. Fundi cherehani, vifungo vilivyobaki na uzi mnene vinatosha kumfundisha mtoto kutunga. Fundi seremala, vipande vya mbao unavyovifagia jioni, ukivipiga msasa, ni vya kupanga mnara. Mwenye duka, maboksi matupu usiyachome yote. Nani kati yetu hana cha kuchangia?

Walimu wetu wa awali, tunajua darasa limejaa na muda ni mfupi. Hata hivyo, mkeka mmoja pembeni wenye visoda na picha za kuoanisha unaweza kuwasaidia wale ambao penseli bado inawatoroka. Walezi wa shule ya Jumapili na wa madrasa, nanyi mna dakika chache kabla ya kipindi.

Tusidhani huu ni upuuzi wa kupotezea muda. Desemba 2021 Serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomlenga mtoto hadi miaka 8. Imeweka fursa za kujifunza mapema sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi. Kucheza na mtoto wako ni sehemu ya kazi hiyo, na haihitaji kusubiri bajeti.

Na simu je? Tunajua inavyomtuliza mtoto pale mama ana sufuria jikoni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Masika yakigeuza vichochoro vyetu kuwa tope, au baridi ya Julai ikishuka kutoka Meru, boksi la visoda litatusaidia kujaza saa zinazobaki.

Tuzingatie mambo machache. Kete, shanga, maharage na visoda si vya mtoto aliye chini ya miaka 3, maana huenda vyote mdomoni na vinaweza kumkaba. Huyo apewe makopo na vifuniko vikubwa. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto aachwe autumie. Asisogezewe kete kwa sababu anachelewa; kule kuchelewa ndiko kujifunza kwenyewe. Na mumwache ashinde na ashindwe kwa haki.

Pia mchezo unatuonyesha mengi. Mtoto anainamia kete karibu sana? Anafumba jicho moja, au anapinda kichwa kila anapotazama? Mchezo hautamtibu. Mpeleke kituo cha afya, au Hospitali ya Mount Meru, mapema, kwani tatizo la jicho la mtoto hutibika vizuri zaidi likigunduliwa akiwa mdogo.

Wananchi wenzangu, tukubaliane hivi: kila nyumba itengeneze mchezo mmoja kabla ya likizo ya Juni, na nusu saa ya jioni iwe ya mtoto. Wiki mbili zikipita, badilishaneni na jirani. Wenyeviti wa mitaa, likizo ikifika, mtatuitia siku moja ya watoto wote waje na mabao yao ya trei wacheze pamoja?

Trei ya mayai iko jikoni. Leo jioni nani anaanza kukata?