Uzima wa Milele Hausubiri Kaburi

Hoja inayorudiwa katika maandishi, kwamba mahubiri ya umilele huwafanya waumini wa Beni na Lubero, mashariki mwa Kongo, wayavumilie mauaji ya huko kwa kungoja mbinguni, inakosea tangu msingi, kwa kuwa inadhani uzima wa milele huanza baada ya mazishi. Injili ya Yohana, sura ya 5 na ya 17, hufundisha kwamba uzima huo ni kumjua Mungu, na kwamba aaminiye amekwisha kuvuka mauti angali anapumua. Kifo cha kiroho, yaani kutengwa na Mungu kwa dhambi, kinamhusu basi mwenye panga kabla ya kumhusu anayeuawa. Bomu lililolipuka Kasindi, katika eneo la Beni, tarehe 15 Januari 2023 liliwakuta Wapentekoste katika ibada ya ubatizo, na ubatizo kwa mafundisho ya Paulo ni kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo: je, huko ni kuikimbia dunia? Na Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu Mkatoliki wa Butembo-Beni kabla ya kwenda Bukavu, hakunyamaza. Barua yake ya Noeli ya 1999, iliyolaani uonevu, ndiyo iliyowafanya waasi wa RCD (Rassemblement congolais pour la démocratie) wamzuilie Butembo mwaka 2000.