Kitengela Wanapiga Kopi, Nasi Pwani Je?

Ukipita Kitengela jioni ya Jumamosi, kando ya barabara ya Namanga, hukosi bendi. Palipo na nyama choma pana spika, na penye spika pana vijana watatu au wanne, kinanda kimoja na gitaa. Nimewasikiliza si mara moja. Wanapiga vizuri, ila wanachopiga ni kopi: rumba ya Kongo, rege, zilizopendwa na, bila shaka, Jambo Bwana, pengine wamejifunga shuka za Kimaasai.

Huo Jambo Bwana ndio ulionifanya niandike. Wengi huudhania wimbo wa mababu, usio na mwenyewe. Una mwenyewe. Aliutunga Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa Kaloleni, Kilifi, waliokuwa wakitumbuiza watalii hotelini huku kwetu. Waliutoa 1982, na mwaka uliofuata Boney M wakatoa wa kwao. Lakini Mushrooms hawakukwama kwenye kuwaamkua wageni. Walirudi nyumbani wakaichukua chakacha, ngoma ya wanawake harusini, wakaitia kwenye magitaa. Mzee Joseph Ngala naye alifanya yake na saksafoni, tukapata bango. Wote walisikiliza ya nje, tena sana. Tofauti ni kwamba walikuwa na pa kurudi.

Sasa tazama utajiri wa Kajiado. Wimbo wa Kimaasai kwa desturi hauendi kwa ngoma. Kiongozi, olaranyani, hutanguliza. Wenzake humjibu kwa mngurumo wa kooni, na mapigo hushikwa na pumzi, shingo na shanga. Kijana akiuchukua wimbo huo akautandikia mdundo uliokuja na kinanda kutoka kiwandani, hajaukuza, ameuzika. (Tusicheke. Ndivyo tufanyavyo na chakacha tunapoacha chapuo na vumi tukabonyeza kitufe.)

Yapo na ya sheria. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inazitaka kaunti ziweke rejista ya mali hizo, na anayetaka kuzitumia kibiashara apate kwanza ridhaa ya jamii yenyewe. Nauliza Kajiado, na nauliza Kilifi, Kwale, Mombasa na Lamu pia: mwanabendi wa miaka ishirini akitaka kujua wimbo fulani ni wa nani na amuombe nani ruhusa, abishe mlango upi?

Hata hivyo simtupii lawama zote mpiga gitaa. Analipwa kwa usiku, na mwenye baa anataka mteja aimbe pamoja na bendi, aagize tena. Akipiga wimbo wake mwenyewe meza zikinyamaza, wiki ijayo ataitwa mwingine. Anayeamua tusikie nini ni mwenye mkoba, si mwenye kipaji, na hilo ni sawasawa Kitengela na Diani.

Kwa hiyo ombi langu naliweka kwa wenye hoteli wa Nyali, Diani na Malindi. Wapeni vijana nusu saa kila usiku wapige tungo zao, mtunzi atajwe kwenye kipaza sauti, na malipo yasipunguzwe. Mgeni aliyesafiri kutoka Ujerumani hakuja huku kumsikia Bob Marley.